Kwa Mwalimu Gedion Njiru, Aliyemwoshea Mama Mchanga

Mwaka umezunguka, Baba, tangu asubuhi ile ulipoketi juu ya ndoo nje ya stoo, beseni la mchanga likiwa mbele yako, na chai yako ikapoa mezani ikikungoja. Mama alikuita ukanyamaza. Akakuita tena, "Baba Munyi!", akidhani umezama katika mchanga wako kama kawaida. Munyi alipotoka na kikombe kukuletea, alikuta mikono yako bado imo ndani ya maji.

Daktari alisema ni moyo. Kila asubuhi ulimfunga Mama kile kitambaa cha kupima presha kabla hujaonja chai yako. Yako hukuipima hata siku moja, na sisi hatukukuuliza.

Watu wa Karurumo bado wanakuita Mwalimu, ingawa ulikuwa umestaafu. Wale uliowafundisha Biolojia sasa wana watoto wao, na wakitukuta sokoni hutuambia jinsi ulivyokuwa ukichuchumaa kumfunga mwanafunzi kamba za viatu huku ukiendelea kueleza mzunguko wa damu. Hukupita kwa mgonjwa mikono mitupu. Kama si chupa ya maziwa, ni ndizi mbivu ndani ya mfuko wa koti, na ndiyo maana makoti yako yote yalinuka ndizi. Moja bado liko nyuma ya mlango. Hatujalifua.

Ulimwahidi Mama bahari. Uliwahi kuwapeleka wanafunzi wa kidato cha tatu Mombasa, ukarudi ukiwa umeungua pua, na jioni ile ulimweleza Mama juu ya mwamba wa matumbawe hadi moto wa jikoni ukazimika. Yeye, mzaliwa wa milima ya Maua, hakuwahi kupita Nairobi. Ulimwambia, "Nikistaafu tu, Mama Munyi, tunaenda wawili. Utasimama ndani ya maji, viatu mkononi." Mama alishona rinda la safari hiyo. Ulipostaafu, figo zake zikakataa kazi. Ikawa mara mbili kila wiki ni kwenda Embu kwenye mashine ya kusafisha damu, na daktari akasema mwili wake hauwezi safari ndefu.

Siku hiyo ulitoka nje, ukatembea kwenye kahawa mpaka giza likaingia. Wiki iliyofuata lilifika nyumbani tangi la kioo, refu kama jeneza la mtoto, Munyi akasema, nawe ukamkemea kwa neno hilo. Ukaliweka sebuleni, mkabala na kiti cha Mama.

"Hii ni ya nini sasa?" Mama akauliza.

"Ni Mombasa yako," ukamjibu.

Majirani walicheka. Samaki wa maji ya chumvi, hapa kwetu, ambapo hata samaki wa mtoni wengi hawamli? Mama naye alicheka, ila kicheko chake kilikuwa na uchungu ndani yake, kwa sababu chakula chake kilikuwa hakitiwi chumvi tena. Siku ulipofungua gunia la chumvi ya bahari ukaanza kuikoroga kwenye pipa, alisimama mlangoni akiwa ameshika kiuno.

"Baba Munyi, haki Mungu anakuona! Mimi unaninyima chumvi kwa githeri, punje moja tu, na samaki ambao hata hawajafika unawamwagia gunia mzima!"

"Hawa hawana figo mbaya," ukasema.

"Basi nitakuja kuishi na wao humo ndani."

Tulicheka wote. Hatukujua ni mara ngapi zaidi tungecheka pamoja, na ni vizuri hatukujua.

Kisha ukaanza kutafuta mchanga. Wa kwanza ulikuwa wa Ishiara, ule wa mtoni ambao kila mtu hapa hujengea, na ulituambia kwa furaha kwamba tumeupata karibu na nyumbani. Uliuosha mpaka mikono ikachubuka. Kisha ukafunga sumaku ya redio mbovu ndani ya karatasi ya nailoni, ukaipitisha juu ya mchanga, ikarudi imeota ndevu nyeusi. "Chuma," ukasema. Ukaudondoshea siki, haukutoa hata povu. Ukatueleza kwamba viumbe wa matumbawe hujijengea nyumba kwa chokaa, na kwamba mchanga usio na chokaa, wenye chuma ndani, kwao ni kama sisi kulala juu ya misumari. Mchanga wa Ishiara ukaenda kufunika matope ya njia ya choo.

Mawe yakawa vivyo hivyo. Fundi Gachoki, jirani yetu na mwanafunzi wako wa zamani, alikuletea mawe meusi ya mtoni, laini, mazuri ajabu. Uliyapima moja moja kwa sumaku, ukayadondoshea siki, ukayaweka kando moja moja.

"Mwalimu," Gachoki akasema, "hii ni mawe ama ni bibi unachagua?"

"Bibi nilichagua haraka kuliko hivi."

"Na alitoka sawa?"

"Muulize yeye kama mimi ndiye nilitoka sawa."

Mama alisikia kutoka sebuleni, akapiga kelele kwamba bado anafikiria.

Mwishowe ulipata ulichotaka. Mawe yalikuwa ya matumbawe yaliyokufa zamani za kale, yale ambayo Pwani huchimbwa nchi kavu na kujengewa nyumba: mepesi, yenye matundu kama sega la nyuki, ili maji yapite ndani na wadudu wadogo wapate pa kukaa. Mchanga ulikuwa wa matumbawe yaliyosagika, mweupe, punje zake kama za mawele. Ulisema mchanga laini kama unga hupeperuka na kufunika kila kitu, na ule mkubwa hushika uchafu ukaozea chini. Yuko mtu aliyekupigia simu akitaka kukuuzia matumbawe mabichi, yaliyobanduliwa baharini kwa siri. Ulimsikiliza mpaka mwisho kwa adabu yako, kisha ukamwambia, "Nataka mke wangu aone bahari. Sitaki aone wizi." Binti yako Purity alikuwa nyumbani kwa likizo ya chuo siku hiyo, na anasema hakuna mhadhara aliousikia baadaye uliomwingia kama ule.

Uliagiza tu mawe machache yaliyo hai, kutoka kwa mfugaji mwenye kibali. Tulishangaa jiwe linaitwaje hai. Ukatushikia tochi tukachungulia ndani ya pipa: madoa ya zambarau, vijimkia vyembamba vikitoka matunduni na kurudi. Hayo ndiyo yangekuwa mbegu, ulisema, na yale makavu yangepata uhai kutoka kwayo. Pampu ilikoroga maji ya pipa bila kupumzika, kwa maana yakitulia tu, kila kilichomo kinakosa hewa.

Mchanga uliuosha kwa maji ya mvua mpaka yakatoka maangavu, kisha ukausuuza mara ya mwisho kwa maji ya chumvi, ili uingie kwenye tangi ukiwa umekwisha kuzoea. Ukautia kwenye magunia ukiwa umelowa. Beseni uliloliacha lilikuwa la mwisho.

Ulituachia maagizo ukiwa hai na mwenye afya, tukayapokea kama watu wanaopokea habari za hali ya hewa. Mawe kwanza, mchanga baadaye. Jiwe likae kwenye kioo chenyewe. Ukiliweka juu ya mchanga, wanyama watachimba chini yake na siku moja litaanguka. Na maji yakianza kuota ukungu wa kahawia juu ya mawe, tusiusugue, huo ndio uhai wa kwanza kufika, hata kama hauvutii.

Baba, lazima tukwambie yaliyotokea, kwa sababu wewe ungetaka kujua.

Kwetu mfiwa hasumbuliwi. Unajua. Majirani huingia, wakashika jembe na sufuria, na hakuna anayekuja kukuuliza kisu kiko wapi. Siku za kukuaga walikuja wengi kuliko viti. Mwenye vipaza sauti alitafuta pa kuchomeka waya wake, akachomoa ule wa pampu, bila ubaya wowote. Pipa lilikuwa limefunikwa. Watu waliimba, wakaomba, wakasimulia habari zako kwa sauti kubwa, na ndani ya pipa lile maji yakatulia.

Lori la mchanga wa kujengea kaburi lilikwama kwenye matope njiani kutoka Ishiara. Waombolezaji walikuwa wamefika, mchungaji ameshika saa. Gachoki alizunguka nyuma ya stoo akakuta magunia: mchanga mweupe, umeoshwa, umefungwa vizuri. Hakwenda kumuuliza mjane. Nani angeenda? Aliwaambia wenzake kwamba familia imejitayarisha, na kwamba Mwalimu anastahili mchanga msafi hivi. Waliuchanganya wote na saruji, hata ule wa kwenye beseni. Walikunja kila gunia tupu, wakayapanga juu ya ndoo yako.

Wiki ya pili harufu ikaanza. Watu waliokuja kutufariji walikaa kidogo, wakaaga mapema, na wengine wakanong'ona mambo njiani ambayo hatutayaandika hapa. Munyi alipofunua pipa alitapika. Kila kilichokuwa hai kilikuwa kimekufa. Tukazika mawe yale chini ya migomba. Purity alipokwenda kutafuta angalau mchanga, akaona magunia yaliyokunjwa, alielewa kabla hajauliza. Alikaa chini palepale. Gachoki alipoitwa na kuelezwa, alivua kofia, akaitazama ndani kana kwamba jibu lingekuwa humo, akaondoka.

Hatukuwa na ujasiri wa kumwambia Mama. Alikuwa anauliza, mara kwa mara, kama Mombasa yake itakamilika kabla hajaondoka. Hatukumdanganya, Baba, lakini tulinyamaza, naye akaelewa. Mwaka huu umemla. Wauguzi wa Embu sasa hutafuta mshipa kwa muda mrefu, naye hugeuza uso ukutani asituone tukitazama. Mguu unavimba. Rinda lile alilolishona lingemzunguka mara mbili.

Mvua za masika zilipokatika jua likawaka, na kaburi lako likaota weupe. Weupe huo ulitoka ndani ya saruji kama unga, kwanza pembeni, kisha juu kote. Tukapangusa, ukarudi. Gachoki alikuja na nyundo na mfuko wa saruji mpya. Alimkuta Mama kwenye kiti chake cha nje, na safari hii akasema yote mwenyewe: magunia, lori, mchungaji na saa yake.

"Ni chumvi inatoka, Mama Munyi. Itakula hii simiti polepole mpaka ipasuke. Niruhusu nivunje nijenge upya na mchanga ya Ishiara. Sitaki kitu. Niruhusu tu, nipate kulala."

Tulingoja Mama alie. Akamgeukia Gachoki.

"Ule mchanga wote?"

"Wote."

"Ule alikuwa ananiosheanga?"

"Huo, Mama. Nilidhani ni wa kaburi. Nisamehe."

Akaomba fimbo yake. Njia ya kwenda kwenye kahawa, ulikolala, ni fupi, lakini alipumzika mara kadhaa, Purity upande huu, Munyi upande ule, Gachoki nyuma akiwa bado amebeba nyundo yake kama mtoto aliyeshikwa na kosa. Alipofika aliinama, akavua viatu, akavishika mkononi. Tulidhani ni kwa heshima ya mahali. Akapitisha kidole juu ya kaburi lako, kikatoka cheupe.

"Mama, daktari alikataza," Purity akasema.

Akakilamba.

Alifumba macho. Upepo ulipita kwenye kahawa. Kisha akasema, si kwetu:

"Gedion. Kumbe ndivyo ilivyo."

Kaburi halikuvunjwa. Gachoki huja kila Jumapili baada ya ibada kukagua nyufa, na tukimwambia apumzike anasema anapita tu. Purity alihitimu, Baba. Kofia yake ya mahafali iko juu ya kabati lako. Yeye na Munyi wamepanga mawe yako makavu ndani ya tangi, kwenye kioo chenyewe, kama ulivyoagiza. Mchanga mwingine umefika na Purity anauosha jioni, akikalia ndoo yako. Maji ya chumvi yamo. Hakuna samaki bado. Juzi Mama alituita kwa sauti hafifu akatuonyesha ukungu wa kahawia juu ya jiwe la kati, akasema tusithubutu kuusugua. Sasa hukaa mbele ya tangi asubuhi nzima, siku zisizo za Embu. Hatujui ni asubuhi ngapi atakazopewa. Tunaosha haraka.

Wanaokukumbuka ni mkeo Celina Karimi, wanao Munyi na Purity Ruguru, shemeji zako Murithi na Marete wa Maua, wanafunzi wako, na jirani yako Gachoki, ambaye ameomba jina lake liandikwe pamoja na la familia, nasi tumekubali.

Lala, Baba, chini ya mchanga uliouosha kwa mikono yako. Siku zote tutakukumbuka.