Vigingi vya Kinubi cha Babu

Mlingotini,
Bagamoyo.
9 Agosti, 2024

Mpendwa Mjomba Haidar,

Shikamoo. Natumai barua hii, niliyomkabidhi Mahmoud anayekuja huko Maskati kesho, itakukuta mzima pamoja na mkeo, na kwamba mgongo wako umepata nafuu. Sisi kiafya hatujambo. Bibi bado anakemea kuku na watu kwa sauti ileile. Mimi nimefunga chuo, nipo nyumbani hadi Oktoba.

Habari ya onyesho lako la Bagamoyo ilinifurahisha kuliko wote. Chuoni nimebishana hadi koo kukauka na wale wanaotaka muziki wetu uhifadhiwe kama mifupa ya makumbusho. Kwa hiyo usinidhanie adui wa jazi. Kinubi cha Babu na saksafoni jukwaa moja: nani mwenye masikio atakataa?

Lakini, Mjomba, uliagiza kwa simu kwamba nyuzi zikazwe upya zifuate piano yako. Hapo ndipo usingizi uliponiruka. Uliondoka ukiwa mdogo, pengine hukuelezwa. Nyuzi za kinubi kile hufuata koo la mwenyewe. Babu alizikaza kwa sauti yake siku aliyokabidhiwa na baba yake, na tangu siku hiyo baba yake hakuimba tena. Ndiyo desturi yao wapiga kinubi. Anayeruhusu mwingine azungushe vigingi amekabidhi, na akishakabidhi hunyamaza.

Babu ameruhusu.

Bibi alimjia juu: "Baba Haidar! Mtoto huyu aliyetolewa kwenye kaswida kwa kupotoa sauti, leo ndiye akupimie yako?" Babu akacheka mpaka akakohoa. "Mpeni, Mama Haidar. Hajawahi kuniomba kitu." Tangu hapo hajaimba. Alasiri huketi barazani, kinubi mapajani, akikifuta vumbi tu.

Je, huu ndio mchanganyiko tunaoupigania? Mmoja asogee mpaka afutike, mwingine asibanduke alipo, kisha tuyaite hayo makutano? Saksafoni inaweza kumfuata Babu. Besi inaweza. Piano ndiyo haiwezi, maana sauti zake hazisogei jukwaani, na piano ni wewe. Najua uzito wa ninachokuomba: uje kwenye onyesho lako mwenyewe, ukae kimya nyimbo za Babu zinapopigwa.

Nimemsihi Babu. Akanijibu, "Adila, neno nililompa mwanangu silirudishi kwa ajili ya mjukuu." Basi hakuna wa kulirudisha ila wewe, na fundi wa kuzikaza nyuzi anakuja mwisho wa mwezi huu.

Mama anakusalimu sana, na Bibi pia, ingawa kwa kununa. Wasalimie mkeo na jirani yenu Taher. Mola akulinde safarini na akulainishie moyo.

Mpigie Babu simu, Mjomba. Usiitaje desturi, wala usinitaje mimi; akijua umeambiwa, ataapa kwamba hajali. Mwambie tu unakitaka kinubi kama kilivyo. Nitakuwa karibu naye barazani, nikisubiri kusikia kama ataimba.

Mpwa wako akupendaye hata anapokukasirikia,
Adila