Pikapu Iliyoziba Geti

Mpui,
Jumapili.

Mdogo wangu Eustaki,

Pokea salamu zangu, wewe na shemeji Lydia na watoto wote hapo Mazwi. Nauliza hali zenu kabla ya lolote, maana baridi ya mwezi huu hata huku imetukamata masikio. Mimi ni mzima, kifua kizima, meno bado yanatafuna mahindi makavu. Shemeji yako Bertilla ndiye goti linamsumbua, nitafika huko.

Usishangae kupata barua badala ya simu. Kwenye simu mpaka nipige kelele, na majirani zangu masikio yao unayajua. Nimeandika mwenyewe, sikumwomba mtu, ingawa darasa la nne sikulimaliza.

Habari kubwa ni ileile. Pikapu bado imeziba geti, palepale ulipoiona Pasaka, kwenye kibonde kati ya nguzo mbili. Mbele mwinuko, nyuma ghala, kusukuma haiwezekani. Mkokoteni hauingii, magunia tunayapitisha juu ya ukuta, na mimi mwenye mji napita ubavu ubavu kama mwizi wa kuku. Wiki ya nane sasa.

Gari nililolipeleka Laela kwenye matope wakati mabasi yamelala njiani, leo nikizungusha ufunguo linasema ta! mara moja, taa zinafifia, basi. Nimebadilisha betri. Stata nimeishusha kwa mikono yangu, nikaitia kaboni mpya, nikairudisha. Ta! Nimeigonga kwa nyundo mpaka Bertilla akauliza nalipiza kisasi cha nani. Kashinje, yule jirani yetu Msukuma, alikuja na maksai wanne akasema mzee tulivute, maksai wake huwaka kila asubuhi na hajawahi kuwabadilishia betri. Watu wakacheka. Nikamfukuza yeye na ng'ombe zake.

Unakumbuka Pasaka baada ya misa. Ulizungusha ufunguo mara mbili, ukatega sikio, ukainama, ukasema betri haina kosa, stata haina kosa, kosa ni ule waya mweusi wa hasi, pale unapofungwa kwenye chesesi, fremu ya chini ya gari. Mbele ya wanakwaya wote nikasema mshona viatu wa Mazwi ananifundisha mimi gari! Nikaapa kwamba likiwa ni hilo, pikapu ni yako. Mzee Kasimiri wa kigango akasema ameshuhudia.

Sasa shika karatasi vizuri. Wiki tatu zilizopita, Bertilla akiwa shambani, nililala chini ya gari. Ile rangi ya bluu niliipaka mimi kabla ya Pasaka, kwa ajili ya jubilei ya ndoa yetu, na kwa kuwa sifanyi kazi nusunusu nilifungua kila waya, nikapaka chesesi yote mara mbili, nikafunga waya juu ya rangi, nayo rangi haipitishi umeme. Basi niliufungua ule mweusi, nikakwangua kwa kisu mpaka chuma kikang'aa, nikaufunga. Liliwaka kwa mguso mmoja, Eustaki. Liliunguruma kama siku niliyolinunua. Na mimi nikalizima upesi, nikapaka tena rangi pale nilipokwangua, ikakauka, nikafunga waya juu yake, nikanawa mikono.

Tangu siku hiyo nimejifunga mwenyewe. Nikisema, gari si langu. Nikinyamaza, geti ndilo hilo. Bertilla amekwenda kliniki mjini mara mbili kwa pikipiki ya Obed wa bodaboda, mguu ameunyoosha pembeni kama mti, akarudi midomo imembadilika rangi kwa maumivu. Nami nikaongeza nyundo kwenye stata ili asikie nahangaika.

Jana alikuwa jikoni anapepeta ulezi. Akaniita, Baba Jenifer. Akasema siku ile alilisikia toka shambani, maana hakuna gari jingine Mpui linalokohoa vile. Aliweka kapu la mahindi chini, akakaa, akajua nitakuja kumwambia. Amengoja wiki tatu. Hakupandisha sauti. Afadhali angenipiga kwa ungo.

Basi njoo Jumatano, kliniki ni Alhamisi. Usilete fundi, usilete kipuri, lete kisu. Nitawaita Kasimiri, Kashinje na wanakwaya. Ukwangue mbele yao, uwashe wewe. Kadi ya gari nimeshaitoa sandukuni. Nakuomba neno moja: safari yako ya kwanza umpeleke shemeji yako, akae mbele. Mimi nitapanda nyuma. Na klachi usiikanyage kama cherehani yako ya viatu, hilo bado najua kuliko wewe.

Wasalimie wote wanaoniulizia hapo Mazwi. Bertilla anawasalimu pia. Hajaniuliza naandika nini, ila kalamu ameitafuta yeye.

Ni mimi kaka yako,
Zenon, mwenye pikapu mpaka Jumatano.