Remera Haijakubaliana Juu ya Matanga Yako

Konsolata, mke wangu,

Matanga yako yameisha na hayajaisha, na mtaa mzima una maoni.

Remera unaijua: ukinyoosha mkono umegusa ukuta wa mtu. Tangu uondoke imezidi kubanana. Nyuma ya jiko letu wamejenga ghorofa, na jua la asubuhi linatufikia limechelewa. Wapangaji wake ni kama sisi, Wanyarwanda waliorudi, kila mmoja na nchi aliyokulia. Dukani nasalimiwa kwa Kiingereza cha Kampala, kwa fundi cherehani kwa Kifaransa cha Bujumbura, nami najibu kwa Kiswahili changu cha Karagwe. Tumeelewana siku zote. Hata kukuzika tulielewana. Kuacha kukulilia ndiko kulikotushinda.

Baada ya wiki moja tuliondoa ikiriyo, ule mkesha wa msiba, kama Kigali inavyofanya. Moto wa uani ukazimwa, nikawashukuru majirani, nikadhani basi. Binamu zangu wa Karagwe wakapiga simu kuuliza arobaini. Nikaomba misa ya arobaini. Sasa Gasana mwenye duka anamwozesha binti yake Jumamosi, na anataka niwe msemaji wa familia mbele ya wakwe. "Mzee, mwenye methali kama zako ni nani mwingine hapa?" Nilikubali. Kwa mara ya kwanza tangu uende, nilihisi bado nina sauti.

Jioni ileile Mama Diane, uliyekulia naye Bujumbura, akasimama mlangoni. Alikataa kiti.

"Muzee, utaenda namna gani kwa harusi? Hatujaganduka, matanga bado hatujafunga."

Nikamwambia huzuni tuliiondoa zamani.

"Wewe uliondoa. Konsolata ni wa kwetu, na kwetu ni mwaka." Halafu akacheka kidogo. "Ukishaganduka, enda hata uoe mwingine."

Gasana aliposikia akasema, "Hao wa Burundi wanapenda kungoja, mzee. Hata maharage yao hayaivi."

Nimesoma vitabu vingi, na sijaona kinachosema mtu aliyekulia ugenini anafiwa kwa desturi ya nani. Wewe pia hukuniambia. Uliniambia chumvi kiasi gani, na nani asipewe funguo. Hili hapana.

Leo nimemjibu Gasana kwamba sitasimama. Amenuna hata akinipimia sukari. Mama Diane amefurahi, anadhani nimewaheshimu watu wako. Labda. Sina hakika. Nilichoona, Konsolata, ni kwamba kati ya desturi tatu nilizowekewa mbele, nimeshika ile iliyo ndefu kuliko zote.

Mwaka ukitimia nitakaa uani na ndugu zako, nitakunywa pombe yao ya mtama, nao wataniambia inatosha. Nakuahidi siku hiyo nitainuka kitini na kuwasikiliza.

Mpaka hapo, lala salama. Mimi bado ni mfiwa wako.