Begi Ulimpa Dotto, Mimi Mashine ya Kijivu

Mwalimu,

Nimeianza barua hii mara tatu, na kila mara nimeanza na uongo. Nilikuwa naandika kwamba huku Mpanda hatujambo, kwamba mimi na Dotto tunafanya kazi pamoja kama ulivyotaka. Nikazichana zote. Ukweli ni kwamba tangu tukuzike nina wivu, na wivu huo umenifanyisha jambo ambalo ungekuwa hai ungeninyamazia wiki nzima.

Tulikuzika kwenu Kapalamsenga, pembeni ya shamba la mihogo la baba yako. Watu walijaa. Wanafunzi wako wa fizikia wa zamani walikuja na watoto wao. Nililia mpaka Mama Furaha, mkeo, akawa ndiye ananibembeleza mimi badala ya mimi kumbembeleza yeye.

Halafu ikafika siku ya kumaliza matanga. Mama Furaha alituita mimi na Dotto chumbani. Kitandani kulikuwa na begi lako jeusi, lile la laptop, na madaftari yako kumi na moja yamefungwa kwa kamba ya katani.

"Mwalimu alisema begi ni la Dotto," alisema. "Na Yusta achukue ile mashine kubwa ya kijivu."

Nikasema asante, mama. Nikatoka nje kunawa uso.

Dotto, Mwalimu? Dotto wa Kibaoni, mtoto wa mfugaji, ambaye baba yake bado anahesabu ng'ombe kwa kichwa, aliyeingia dukani kwako miaka mitatu tu iliyopita kutafuta chaja? Mimi nilikuwa na wewe miaka tisa. Mimi ndiye niliyekushikia tochi ukichungulia ndani ya kompyuta mbovu. Mimi ndiye niliyekusindikiza hospitali figo zilipoanza kukusumbua, nikakaa kwenye benchi na madaftari yako mapajani ili yasiguse sakafu. Na leo madaftari hayo yako Kibaoni, na mimi nimebebeshwa kompyuta ya zamani, chuma chakavu ambacho hata mnunua skrepa angekitazama mara mbili.

Mama yangu aliniuliza kazi yako ilikuwa nini hasa, maana yeye alijua unatengeneza kompyuta tu. Nikamwambia hivi. Kuna mfumo wa kuendesha kompyuta ambao ni wa bure, msimbo wake, yaani maandishi yanayouendesha, uko wazi, mtu yeyote duniani anaweza kuusoma na kuurekebisha. Watu maelfu wanauandika. Wengi wao wana kompyuta mpya, kwa hiyo wakibadilisha kitu hawajui kama kimeharibu zile za zamani. Mwalimu ndiye alikuwa anazilinda za zamani. Kila toleo jipya likitoka, anaangalia kama prosesa za miaka ile, ndizo ubongo wa kompyuta, bado zinaeleweka, na kama hazieleweki anaandika kiraka, kipande cha msimbo cha kurekebisha. Ndiyo maana kompyuta za shule zetu, zile zilizotupwa na wengine zikaletwa huku, zinawaka.

Mama akasema, "Kumbe alikuwa mtu mkubwa." Nikasema ndiyo. Akauliza, "Sasa nani kachukua?" Nikasema nina maji jikoni yanachemka.

Wiki ile ile ulipotimiza siku arobaini niliifungua orodha ya watunzaji wa mfumo. Jina lako lilikuwa limeondolewa. Mahali pake paliandikwa Dotto. Wewe mwenyewe uliwaandikia kabla hujafa, barua pepe niliiona, maana huko zote ziko wazi kwa kila mtu, ulimsifia kwa mistari miwili. Mimi hukunitaja.

Unajua nilikotoka. Kwetu Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi wa Burundi, jina kuandikwa kwenye orodha si jambo dogo. Nilimwona baba yangu amesimama mbele ya karatasi zilizobandikwa ukutani, anapitisha kidole mstari kwa mstari, anatafuta kama na sisi sasa ni raia. Alipolipata jina letu alirudia tu kulisoma. Mimi nilikuwa nimeshika mkono wake mwingine. Nilipoitazama orodha yenu na kidole changu kikapita bila kunikuta, nilihisi kitu ambacho mama anakiita ishari, kwa Kirundi. Kwa Kiswahili tunasema wivu, lakini neno la mama ndilo linauma zaidi.

Sasa nikuambie nilichofanya.

Wakubwa wa mfumo walitangaza kwamba wanataka kuziondoa prosesa zote za zamani. Walisema hakuna anayezijaribu tena, na kuzibeba kunawachosha. Walitoa mwezi mmoja: kama kuna mtu anaweza kuonyesha kwamba bado zinafanya kazi, ajitokeze. Dotto akajitokeza. Na siku zile zile, kompyuta kumi na nane ulizozifunga pale shuleni Sitalike zikapokea toleo jipya, zikagoma kuwaka. Zote zilisimama kwenye mstari ule ule wa maandishi kwenye skrini.

Dotto alihangaika. Hana mashine halisi ya zamani karibu naye, ana laptop yako tu, na ndani yake ile programu inayojifanya kompyuta ya zamani. Kwenye hiyo ya kuigiza kila kitu kilikuwa kinawaka vizuri. Hakuona kosa. Akanipigia simu.

"Dada Yusta, ile ya kijivu inawaka?"

Nikamjibu, "Ilikufa, Dotto. Mazabodi imeungua."

Mwalimu, ilikuwa nyuma yangu, mezani. Ilikuwa imewaka.

Nililipakia lile toleo jipya mimi mwenyewe, nikaona likigoma pale pale lilipogomea Sitalike. Nikafanya kama ulivyonifundisha, "Soma mstari wa mwisho, Yusta, usihangaike na wa kwanza." Siku mbili nikawa nimelijua kosa. Msimbo mpya ulikuwa unaiuliza prosesa saa kwa njia ambayo prosesa ile haijawahi kuijua, halafu unabaki unangoja jibu. Ile ya kuigiza ya Dotto ilikuwa inajibu kwa sababu imetengenezwa na watu wa leo, wakaiwekea na kile ambacho prosesa ya zamani haina.

Nilijua, na nikanyamaza. Siku tisa. Kila asubuhi nilikuwa nafungua duka, naweka chai, nasoma barua pepe wanazomwandikia. Dotto anaandika, "Kwangu inawaka, naomba muda." Mmoja wao huko mbali akamjibu kwamba kama kwake inawaka na shuleni haiwaki, basi huo ndio ushahidi kwamba hakuna anayezijaribu. Nikacheka peke yangu. Nilijisemea, Mwalimu aone mtu wake.

Ndiyo, nilikusema wewe pia.

Siku ya kumi nilikwenda Sitalike kwa shughuli nyingine, printa ya mtu. Nilikuwa sijapanga kupita shuleni. Mwalimu Asteria, anayefundisha kompyuta, akaniona barabarani akanishika mkono akanipeleka. Aliniingiza kwenye chumba cha kompyuta. Monita zote zilikuwa zimesimama kwenye mstari ule mmoja, na wanafunzi walikuwa wamekaa mbele yake, kila mmoja na karatasi ya manila iliyochorwa kibodi. Walikuwa wanajifunza kuchapa juu ya karatasi. Vidole vyao vilikuwa vinagonga meza, tap tap tap. Binti mmoja alikuwa anachapa jina lake kwa bidii kabisa, akifika mwisho anarudi mwanzo.

Mwalimu Asteria akaniambia, bila ukali wowote, "Mwalimu angekuwepo angeshakuja siku ya kwanza. Nyie mliobaki mnangoja nini?"

Nikatoka nje, nikasimama karibu na bomba la maji, nikampigia Dotto.

Nikamwambia kila kitu. Kwamba ya kijivu ni nzima, kwamba kosa nalijua, kwamba nimelijua siku nyingi. Nilikuwa naongea haraka ili nisije nikaacha katikati.

Dotto akasema, "Najua ni nzima. Siku ile nilisikia feni."

Lile feni lake linavyopiga kelele, Mwalimu. Kwa nini sikulifikiria?

"Sasa mbona hukusema?" nikamuuliza.

"Ningesemaje, dada? Nikwambie wewe muongo, na wewe umefiwa?" Kisha akaongeza, "Lakini nilikasirika. Nisikudanganye. Wiki nzima mke wangu ananiuliza nina nini. Nitumie picha ya mstari wa mwisho."

Jioni ile ile nilizirudisha mashine za shule kwenye toleo la zamani ili watoto wapate pa kuchapa, na kesho yake tukaanza kazi ya kweli. Yeye Kibaoni anaandika, mimi Mpanda najaribu. Kiraka cha kwanza kiligoma. Cha pili kiligoma mapema zaidi, tukacheka kidogo, kicheko cha watu wanaoogopana. Cha tatu kiliwaka halafu saa ikawa inakimbia, dakika moja inahesabiwa kama tatu. Cha tano kikawaka na saa ikatulia. Niliiacha mashine siku nzima nikiilinganisha na simu yangu, sikuamini. Dotto akawatumia wakubwa kiraka, na mimi nikaandika ripoti ya majaribio, kila hatua, na picha.

Walikubali. Zimebaki, kwa sharti kwamba kila toleo lijaribiwe kwenye mashine halisi na matokeo yatumwe. Kisha wakaandika kumshukuru Dotto. Watu saba walimshukuru Dotto. Mmoja alisema kwamba hajawahi kuona mtunzaji mvumilivu kama Dotto. Mimi niliwekwa chini kabisa ya kiraka, mstari mmoja, "Kimejaribiwa na Yustina," jina langu la kwenye vyeti. Nilifurahi kwa Dotto, na papo hapo nikatamani laptop yake iungue. Yote mawili kwa pamoja. Ungeniuliza lipi lilianza nisingejua.

Alipokuja Mpanda kuchukua mzigo wa duka lake la Kibaoni nilimkalisha, nikamuuliza lile lililokuwa limenikaa kifuani. "Mwalimu alikuchagua wewe kwa nini?"

Dotto alizungusha kikombe. "Sijui. Aliniuliza siku moja kama ninaweza kufanya kazi mwaka mzima bila mtu kunisifia. Nikamwambia kwetu unachunga miaka kumi hakuna anayekusifia, ng'ombe akipotea ndiyo wanakukumbuka. Akacheka. Basi, hakusema kingine. Wewe hakukuuliza?"

Uliniuliza, Mwalimu. Nilikumbuka pale pale. Tulikuwa kwenye benchi la hospitali, tunasubiri majibu yako, ukaniuliza swali hilo hilo kwa sauti ndogo, na mimi nilidhani unapiga soga ili tusiogope. Nikakujibu, "Mwaka mzima? Thubutu. Mimi nataka jina langu lionekane mpaka Katumba." Ulitabasamu, ukanishika bega, wakatuita ndani.

Nimelifikiria sana tabasamu lile. Kuna siku naona ulikuwa umenihukumu kwa utani. Kuna siku naona uliniuliza kwa haki na mimi nikakujibu kwa haki, na kila mmoja ulimpa anachoweza kukibeba. Lakini ungeweza kuniambia. Miaka tisa, Mwalimu. Ungeniambia tu, Yusta, nampa Dotto, na sababu ni hii. Ningekasirika, ningekupikia ugali mbichi siku mbili, halafu ingeisha wewe ukiwa hai. Umeniachia nikasirike peke yangu, na mtu ninayemkasirikia yuko Kapalamsenga chini ya udongo, na mwingine ni mtu mwema. Ndilo linalonichosha, kwamba Dotto ni mtu mwema. Angekuwa mjivuni ningepata pa kushika.

Wiki iliyopita alinipigia. Akasema, "Dada, nataka niwaombe wakuongeze kwenye orodha ya watunzaji, tuwe wawili. Kama hutajali."

Nilijua mtu mwenye adabu angefanya nini. Angesema ngoja kwanza, nimekukosea, acha nijirekebishe. Mwalimu, nilikubali kabla hajamaliza sentensi.

Jana jina limetokea. Nimelitazama mara nne, nikaenda nalo Katumba kwenye simu nikamwonyesha mama. Alivaa miwani, akalisoma, akasema, "Mbona liko chini?" Nikamweleza kwamba wanapanga kwa alfabeti, D inatangulia Y. Akasema sawa, akanirudishia simu. Tumecheka njia nzima mpaka kisimani. Lakini limeniuma kidogo hata hivyo, kuwa chini. Nakwambia wewe tu.

Sitakuahidi kwamba wivu umeisha, maana ungejua nadanganya. Nakuahidi kitu ninachokiweza. Kila toleo litakalotoka nitalipakia kwenye mashine halisi siku hiyo hiyo, na likigoma Dotto atalijua kabla chai yangu haijapoa, hata siku ambayo sitaki kuisikia sauti yake. Pasaka nitakuja Kapalamsenga na Mama Furaha kupalilia kaburi. Dotto anasema naye atakuja. Nimemwambia aje.

Kwaheri, Mwalimu wangu. Pumzika, figo zisikuume tena. Hapa nje kuna mtu ameleta kompyuta yenye vumbi la mpunga mpaka kwenye feni, ananiuliza kama bado inafaa, na nimeshamwambia aiweke mezani.

Yusta wako