Maji ya Tangi la Kanisa

Jumapili, saa kumi na moja jioni. Mtopanga.

Mvua imekatika tangu saa nane lakini mawingu hayajaondoka. Uani ni matope matupu, na siku hizi sipendi kuyaona matope karibu na mlango wangu. Nimenawa mikono mara tatu tangu nikae hapa kuandika. Chai nimeinusa kabla ya kuinywa, na ni chai niliyoipika mwenyewe.

Hivi ndivyo nilivyo kwa wiki tatu sasa. Namshuku kila mtu na kila kitu.

Kipindupindu kiliingia mtaani kwetu mvua zilipopamba moto. Mimi ni mhudumu wa afya wa kujitolea. Nina kizibao changu cha buluu na daftari, nazunguka nyumba kwa nyumba kuuliza nani anaharisha, nani anatapika, maji mnachota wapi. Watu hunijua kwa jina la Mama Neema. Ni kazi ninayoipenda. Lakini ukiingia nyumba za watu kwa muda mrefu ukitafuta ugonjwa, jicho linaharibika. Huoni tena mgeni akikaribishwa maji, unaona kikombe. Huoni mama akimlisha mwanawe, unaona kucha.

Halafu Neema akaugua.

Ilikuwa Alhamisi asubuhi. Alikuwa amevaa sare tayari kwenda shule, akaniambia tumbo lamuuma. Kufika saa sita macho yalikuwa yameingia ndani na ngozi ya mkono ukiivuta hairudi. Ana miaka minane. Nilimbeba mgongoni mpaka kwenye hema la matibabu, mimi ambaye kila siku nawaambia akina mama wasiogope, wafuate maagizo. Tulipofika nilishindwa kumshusha, muuguzi ndiye aliyemtoa mgongoni.

Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nikiitazama dripu. Nilijaribu kuomba, maneno yakakataa. Baba yake yuko kazini Lamu, simu yake haikuwa inashika. Mwishowe nikasema tu: Bwana, huyu alikuwa wako kabla hajawa wangu. Na kwa mara ya kwanza siku ile nikaweza kuvuta pumzi mpaka chini. Siwezi kuieleza zaidi ya hivyo. Hofu haikuondoka, ila ilisogea, ikanipa nafasi ya kukaa.

Neema alipona. Siku ya tatu aliomba uji, siku ya nne akaanza kugombana nami, nikajua yuko salama.

Ningetegemea baada ya hapo niwe mtu wa shukrani. Badala yake nilianza kutafuta wa kulaumu.

Niliyemshuku kwanza ni Bi Mwanaisha. Nyumba yake imepakana na yetu, na kisima chake ndicho nusu ya mtaa huchotea maji. Ukoo wake uko hapa tangu zamani, sisi tumekuja juzi kutoka upande wa Kaloleni. Tumeishi naye miaka kumi na moja bila neno baya. Neema aliporudi, alituletea mbaazi za nazi na mahamri, akasimama mlangoni na baibui lake limelowa. Nilimwamkia, akaitikia, akasema, "Mwanangu, mpe mtoto ale ya moto moto. Nimemuombea, wallahi sikulala."

Nikashukuru. Alipotoka nikakimwaga chakula chote shimoni.

Hilo sikumwambia mtu mpaka leo.

Na sikuishia hapo. Wajukuu zake walikuwa wanakimbia uani wazima wa afya, hata mmoja hajaugua. Mtu mwenye akili timamu angesema basi maji yao ni mazuri. Mimi nikasema wanajua jambo. Wanajua kisima kina kitu, wao hawanywi maji yake, wanatuuzia sisi. Nikaanza kunong'ona. Kwenye nyumba mbili, tatu, nikiwa na kizibao changu cha buluu, nikawaambia akina mama wakiangalie kile kisima. Neno la mhudumu wa afya huaminiwa. Wiki haikwisha foleni pale kisimani ikawa fupi. Bi Mwanaisha aliniuliza kama nimesikia lolote. Nikamwambia sijasikia.

Kisha Jumanne iliyopita akafa Mzee Kombe.

Mzee Kombe ndiye aliyekuwa mlinzi wa mlango wa kanisa letu. Alifagia, alipanga viti, alipiga kengele. Aliishi na mkewe kwenye chumba nyuma ya kanisa, na miguu yake ilikuwa imevimba, hakuwa anakwenda mbali. Tulipomzika, kwa haraka kama ilivyoagizwa, nilisimama pale makaburini nikijiuliza swali moja. Mzee huyu hakuwahi kuchota kwa Bi Mwanaisha. Maji yake yote yalitoka kwenye tangi la kanisa.

Nilirudi nyumbani nikafungua daftari. Nikapitia majina ya waliougua upande wangu, moja baada ya jingine. Karibu wote walikuwa wa kwetu. Wa kanisani.

Neema naye kila Jumatano hukaa pale kwa mazoezi ya kwaya ya watoto, na akitoka hunywa bombani.

Nieleze kidogo kuhusu lile tangi. Lilijengwa chini ya ardhi na akina mama wa kanisa, nikiwemo, tulibeba mchanga kwa mabeseni. Maji yake tunayaombea kila Jumapili baada ya ibada, na watu huyabeba nyumbani kwa chupa. Kuna wanaompa mgonjwa. Mwaka jana vikachimbwa vyoo vipya nyuma ya kanisa, upande wa juu wa kiwanja. Tangi liko upande wa chini. Mimi, na mafunzo yangu yote, nilipita pale kila wiki na sikuona.

Au niliona nikanyamaza. Hilo bado silijui.

Jumatano asubuhi nilikwenda kwa Mchungaji Safari. Si mtu mbaya, nataka hilo lieleweke. Alikuja kwenye hema la matibabu mara mbili Neema alipolazwa, akakaa chini huku watu wengine wakiogopa hata kukaribia. Nikamweleza nilichokiona kwenye daftari, nikamwomba tangi lipimwe.

"Mama Neema," akasema, "yale maji tumeyaombea sisi sote. Ukianza kuyapima, unampima nani?"

Nilitoka nikiona aibu, na nikiwa njiani aibu ikageuka kitu kingine. Mbona hakuniuliza ni akina nani waliougua?

Mchana ule nilifanya jambo ambalo sikuwahi kufikiria nitalifanya. Akina mama walikuwa ndani wakiimba. Nikazunguka nyuma na chupa ya maabara niliyopewa na afisa wa afya, nikafungua bomba la tangi, nikakinga. Nilikinga kama mwizi, na ni kanisa nilimobatizwa tulipohamia hapa. Siku hiyohiyo nilikuwa nimeshachota na ya kisima cha Bi Mwanaisha, mchana kweupe, bila kumwomba ruhusa. Chupa zote mbili nikampa afisa.

Majibu yalikuja jana kabla ya adhuhuri. Afisa alinipigia mwenyewe. Kisima ni safi. Tangi lina kinyesi.

Alisema kesho asubuhi atakuja na watu wake kulifunga. Nikamwambia kesho ni Jumapili, watu wamejaa, watakunywa kabla hajafika. Akasema atajitahidi awahi.

Nilirudi kwa Mchungaji jana alasiri. Alisikiliza mpaka mwisho, akafuta uso kwa kitambaa. Kisha akaniomba nisiseme lolote mpaka Jumatatu. Askofu anakuja, alisema, kuna wageni kutoka makanisa mengine, kanisa litachekwa, waumini watatawanyika. "Nitawaambia wasinywe, kwa njia yangu," akasema. "Nipe mpaka Jumatatu."

Ningekubali. Karibu nikubali. Ila macho yangu yalikwenda pembeni ya sebule yake, na pale kwenye meza ndogo kulikuwa na chupa kubwa la maji ya dukani. Jipya, limefunguliwa tu.

Aliona nikilitazama. Akasema mkewe ni mjamzito, daktari ndiye aliyeshauri. Inawezekana. Mkewe kweli ni mjamzito. Lakini tangu jana nimeligeuza lile chupa kichwani kila upande na halinipi jibu.

Nilipofika nyumbani nikafunga mlango nikapiga magoti jikoni, sufuria ya maji ikichemka kando. Kwa wiki tatu nilikuwa naomba Mungu aniondolee shaka hizi. Jana sikuomba hivyo. Nilimwambia naogopa. Naogopa kuitwa msaliti na watu walionizikia mama yangu. Naogopa kukaa peke yangu Jumapili. Na naogopa kwamba nimekosea tena, kama nilivyomkosea jirani. Nikasema, kama hofu hii haitaondoka basi nibebe nayo hivyohivyo, mimi na hiyo hofu, unifikishe pale mbele.

Kisha nikasonga ugali. Maisha ndivyo yalivyo.

Leo kanisa lilijaa hadi nje. Askofu alikaa mbele kwenye kiti chenye kitambaa cheupe. Afisa wa afya hakuwa amefika. Nilisubiri "njia yake" Mchungaji. Matangazo yakasomwa: kikundi cha akina mama, kambi ya vijana, rambirambi kwa Mama Kombe. Kuhusu maji, hakuna. Na mlangoni niliona mitungi imepangwa, na mashemasi wana vikombe mikononi kwa ajili ya wageni.

Nikasimama.

Sikumbuki nilivyofika mbele. Nikasema Bwana asifiwe, wakaitikia Amina, na baada ya hapo nikawaambia. Kwamba maji ya tangi yamepimwa na ni machafu. Kwamba yanaua. Kwamba mtu yeyote asinywe hata tone, na mwenye chupa nyumbani aimwage. Nikasema pia kwamba niliwadanganya kuhusu kisima cha Bi Mwanaisha, kwamba ni safi, na ule uvumi niliuanzisha mimi.

Kisha mwanamume mmoja nyuma akauliza kwa sauti ya chini kabisa, "Ametumwa na nani huyu?"

Nikaona macho yakibadilika, uso mmoja baada ya mwingine. Nayajua macho yale. Ndiyo niliyokuwa nayo mimi wiki tatu nzima.

Mama Kombe aliinuka kutoka safu ya pili. Bado amevaa leso ya matanga. Akanijia polepole mpaka tukawa tunaangaliana.

"Kwa hiyo mzee wangu alikunywa hapa," akasema.

"Naamini hivyo, mama," nikamjibu. "Nisamehe. Ningepaswa kuliona mapema."

Nilidhani atanipiga. Alinishika mkono, akageuka akawatazama watu, akabaki amesimama hivyo kando yangu. Tulisimama mpaka Mchungaji Safari akashuka kutoka madhabahuni, akapita katikati ya watu, akaenda bombani mwenyewe. Akamwomba shemasi kamba akalifunga bomba. Aliporudi akasema maneno machache tu: "Alichosema dada yetu ni kweli. Nilijua tangu jana." Askofu aliinamisha kichwa. Ibada ikaendelea, lakini nusu ya viti vilikuwa tayari vitupu.

Afisa alifika saa saba, akaweka alama nyekundu kwenye mfuniko wa tangi.

Nikitoka kanisani nilipitia kwa Bi Mwanaisha. Nikamwambia yote, hadi mbaazi. Aliendelea kuchambua mchele. Akasema, "Mbaazi si kitu. Lakini niliuliza, ukaniambia hujasikia." Hakusema amenisamehe, wala hakunifukuza. Aliniambia nikae, jua lilikuwa limetoka kidogo. Nikakaa.

Tangu saa tisa nimeondolewa kwenye kundi la simu la akina mama wa kanisa. Sijui aliyeniondoa, na nimejikuta nikipanga majina kichwani: huyu, au yule. Nimejizuia. Kisha nikaanza tena.

Kwa hiyo sijapona kushuku, na sitajidai nimepona. Bado sijui lile chupa la maji lilikuwa la daktari au la mtu aliyekuwa na habari kabla yangu. Huenda sitajua kamwe. Ninachojua ni kwamba leo niliogopa kuliko siku yoyote isipokuwa ile ya hema, na bado nikasema, na aliyenisimamisha si mimi.

Kesho nina dawa ya kutibu maji ya kugawa nyumba thelathini na moja. Nimeshapanga njia yangu. Nitaanza na nyumba ya Mchungaji, kwa sababu ya mkewe na mtoto aliye tumboni, na kwa sababu hapo ndipo ninapoogopa zaidi kubisha hodi.