Kifungo Kimoja, Gauni Zima

Nyumbani kwa Mama,
S.L.P. 218.
Jumapili, 6 Septemba.

Mpendwa mdogo wangu Kifungo,

Hujambo huko uliko? Kile kifua kimepona, au bado unakohoa na kusingizia vumbi? Sisi tu wazima. Mama naye mzima, ila macho yake hayaoni tena tundu la sindano, na goti la kushoto linamsumbua kwenye ngazi. Mimi sina maradhi zaidi ya mhariri wangu.

Asante kwa kurasa tatu ulizoniandikia kwa ajili ya makala yangu ya gazetini kuhusu mtandao. Nilizisoma mara nne. Nilichoelewa ni hiki: zamani ukibonyeza kitufe, ukurasa wote uliganda ukingoja jibu kutoka kwenye seva, ile kompyuta ya mbali, kisha ukachorwa upya mzima, hata kama kilichobadilika ni neno moja. Siku hizi ombi linatumwa chinichini, linaachiwa maelekezo ya nini kifanyike jibu likifika, na msomaji anaendelea na shughuli zake. Jibu likija, sehemu ile tu ndiyo inayobadilika.

Mhariri alisoma, akavua miwani. "Mzee, hapa umeniacha kwenye mataa. Nipe mfano wa binadamu."

Nikampa Mama.

Unakikumbuka chumba chake cha kushonea, ngazi kumi na moja juu ya duka la viatu: cherehani nyeusi dirishani, tepu shingoni, pini mdomoni. Mteja hakuwekwa kwenye benchi kungoja. "Niachie, nenda zako, nitakuita." Na alipomaliza aliita kweli, hapo dirishani, mpaka muuza viatu akadondosha brashi. Siku niliyojitia ufundi nikafumua mgongo wote wa gauni la mwalimu, aliitema pini kwanza ndipo akasema, "Wewe baba, nani kakutuma kufumua gauni zima kwa kifungo kimoja?"

Na wewe ulipata jina lako dukani. Mama alikutuma vifungo sita vya shati, uzi na zipu. Muuza vifungo akakwambia ngoja, akaingia stoo, akakusahau. Nilipokufuata jioni ulikuwa umesimama palepale kaunta, kama mlingoti. Uzi na zipu vilikuwa vinauzwa mlango wa pili.

"Si ungemwachia jina, ukachukue uzi, ndipo urudi?" Mama aliuliza.

"Aliniambia ningoje," ulijibu.

Sasa unalipwa kuzifundisha mashine zisisimame kaunta. Nilicheka peke yangu mezani, wenzangu wakadhani nimepata barua ya kustaafu.

Makala ilitoka Jumatano. Nilimsomea Mama yote. Hakucheka. Aliuliza tu, "Na yeye, kajibu?"

Hapo ndipo penye shughuli. Mwenye nyumba anakitaka chumba kile mwisho wa mwezi huu. Mwezi wa sita Mama alikuuliza kwenye simu kama unaitaka cherehani. Ukasema uko kikaoni, utamjibu. Nimekuuliza mara mbili baada ya hapo, nikaambiwa ningoje kidogo. Fundi wa mtaa wa nyuma ameiomba, anaitaka ya kazi. Anaambiwa, "Namngoja binti yangu." Vitambaa viko kwenye rafu, kioo kiko ukutani, hakuna boksi lililofungwa, na Mama anakaa kwenye stuli yake mikono mapajani. Sijawahi kumwona hivyo. Ameganda, Kifungo, kwa jibu moja.

Katika kurasa zako uliandika kwamba programu nzuri huweka ukomo: jibu lisipofika, kazi iendelee na mtu aambiwe ukweli. Basi ukomo ni tarehe ishirini na tano. Ukisema ndiyo, nitaipaka mafuta niiweke kwangu mpaka uje. Ukisema hapana, hakuna atakayekununia. Ukinyamaza, anaichukua fundi. Mama ameikubali tarehe hiyo, na leo asubuhi ameniagiza maboksi.

Mjomba anakusalimu na anauliza kama umeacha kula umesimama. Wifi yako anakusalimu. Watoto wanakusalimu, na mdogo anataka kujua kama wewe ndiye uliyetengeneza mtandao wote. Nimemwambia ni kipande tu.

Mungu akulinde, akupe usingizi wa kutosha na watu wema wa kufanya nao kazi.

Ni mimi, kaka yako nikupendaye siku zote.

N.B. Vifungo vile sita ulivyoleta jioni ile havikushonwa. Mama hakungoja, shati lilikuwa limekwisha kwa vifungo vingine na mwenyewe ameshalivaa. Nimevikuta kwenye droo ya cherehani, ndani ya karatasi yake ya dukani. Kimoja nimekitia kwenye bahasha hii. Vitano vimebaki drooni, na droo haiachani na cherehani.