Pampu ya Boay

Jumapili

Leo nimetukanwa, na nimefurahi kama mwehu.

Rafiki yangu Boay alininunia wiki tatu, kisa niliwaambia wenzetu wa baiskeli kwamba mlima wa Rhotia aliupanda kwa kushikilia lori. Ni kweli alishikilia, ila mdomo wangu nao...

Leo tukitoka Endamarariek nikapata pancha. Wenzetu wakasonga mbele. Boay akarudi, akanipa pampu yake bila hata salamu. Nikajaza upepo, ukatoka wote. Nikajaza tena, jasho linanitiririka, yeye kakunja mikono.

Mara ya tatu akalipuka: "We mpumbavu, ziba kwanza tundu!"

Tulicheka mpaka tukakaa chini. Tundu nililiona tangu mwanzo. Niliogopa tu kwamba nikimaliza, angechukua pampu yake na kuondoka kimya.